Chujio la Nje la Oili ya Giaboksi: Mambo ya Kufahamu Kabla ya Kulifunga Katika Gari la Zamani

Mwenye pikapu au lori dogo la zamani lenye gia otomatiki anapolipeleka gereji kubadilisha oili, huenda akashauriwa aongeze kifaa ambacho gari halikutoka nacho kiwandani: chujio la nje la oili ya giaboksi, ambalo mafundi wengi huliita filta ya nje. Ushauri huo waweza kuwa mzuri. Waweza pia kuwa njia ya kumtoza fedha mtu ambaye giaboksi yake imekwisha kuharibika, au, vibaya zaidi, ukawa chanzo cha kuharibu giaboksi iliyokuwa nzima. Tofauti kati ya hali hizo tatu haitokani na bahati. Inatokana na hali ya oili siku ya kufunga chujio, aina ya chujio lenyewe, mahali linapofungwa na mpira unaoliunganisha na mabomba ya gari.

Jambo hili linastahili uangalifu wa mlaji kwa sababu ya thamani ya kinachohatarishwa. Pikapu inayotoa viazi Makete kwenda Makambako, au inayosambaza saruji pembezoni mwa Dar es Salaam, mara nyingi ndiyo kipato cha kaya nzima. Giaboksi ikifa, gari husimama kwa majuma, na gharama ya kuifufua au kununua nyingine iliyotumika yaweza kukaribia sehemu kubwa ya thamani ya gari lote. Chujio ni kitu kidogo ukilinganisha na hasara hiyo.

Oili inapopita

Ni vema kuanza na wale ambao makala hii haiwahusu. Giaboksi ya kawaida, ile ya kukanyaga klachi, kwa kawaida haina mabomba ya kupeleka oili kwenye rejeta. Oili hukaa ndani ya kasha lake na meno ya gia huirusha huku na huko. Mtu akikuuzia chujio la nje kwa ajili ya giaboksi ya namna hiyo, mwombe akuonyeshe bomba atakalolifungia. Asipoweza kukuonyesha, mazungumzo yameishia hapo.

Giaboksi ya otomatiki ni kitu kingine kabisa. Ndani yake mna pampu inayosukuma oili kwa shinikizo, na oili hiyo hufanya kazi kadhaa kwa wakati mmoja. Ndiyo inayobana sahani za klachi ili gia iingie, ndiyo inayopitisha nguvu ya injini ndani ya toki konveta, na ndiyo inayolainisha meno na bushi. Katika toki konveta oili hupata joto kali. Kutoka huko hupelekwa kwa bomba la kwanza hadi kwenye kipozaji, ambacho katika magari mengi kimejengwa ndani ya tangi la rejeta, kisha hurudi kwa bomba la pili. Inaporudi haianguki moja kwa moja kwenye sampu; katika giaboksi nyingi hupitishwa kwanza kwenye gia na bushi ili kuzilainisha. Msomaji aukumbuke ukweli huo wa mwisho, maana hatari karibu zote zitakazoelezwa hapa chini zinatoka hapo.

Gari halikuja bila chujio. Ndani ya sampu lipo moja, na katika magari mengi ya Kijapani ya miaka ya 1980 na 1990 ni wavu wa waya laini, si karatasi wala kitambaa. Wavu huo haukutengenezwa kwa uzembe. Uko upande ambao pampu inavuta, na ukiufanya uwe na matundu madogo mno, pampu itashindwa kuvuta oili ya kutosha, hasa asubuhi oili ikiwa baridi na nzito. Kwa hiyo mtengenezaji huacha matundu makubwa kiasi na kuweka sumaku chache chini ya sampu ili zikusanye unga wa chuma. Chembe zilizo ndogo kuliko matundu ya wavu, na ambazo si za chuma, huendelea kuzunguka. Hapa ndipo chujio la nje linapoingia: likifungwa katika njia ya kipozaji, ambako oili inasukumwa badala ya kuvutwa, laweza kuwa laini zaidi bila kuinyima pampu.

Ulaini wa chujio hupimwa kwa mikroni. Mikroni 1 ni sehemu moja ya elfu ya milimita, na unywele wa binadamu una unene wa takriban mikroni 50 hadi 100. Chembe zinazokwangua vali za giaboksi zaweza kuwa ndogo kuliko hapo, wala jicho haliwezi kuziona zikiwa moja moja. Muuzaji asiyeweza kukuonyesha kiwango cha mikroni, si kwenye kopo wala kwenye karatasi iliyoambatana nalo, anakuuzia kopo lenye rangi.

Wazo lenyewe si la mitaani. Giaboksi ya Allison 1000, iliyofungwa katika pikapu kubwa za General Motors nchini Marekani kuanzia toleo la mwaka 2001, ilitoka kiwandani ikiwa na chujio la nje la kufungua kwa kuzungusha, kama lile la oili ya injini. Kinachotofautiana ni kwamba pale wahandisi walikwisha pima mkondo, shinikizo na ukubwa wa njia. Katika gari la zamani linaloongezewa chujio gereji, kazi hiyo ya kupima inabaki kwa fundi na kwako wewe mwenye gari.

Chujio haliponyi

Chujio huondoa chembe. Haliondoi joto, halirudishi nguvu ya oili iliyoungua, halitenganishi maji na oili, na halirudishi unene wa sahani za klachi zilizokwisha. Giaboksi inayoteleza, yaani injini inanguruma lakini gari haliongezi mwendo, au inayochelewa kushika unapoweka gia ya nyuma, inahitaji uchunguzi. Kuifungia chujio ni sawa na kumbadilishia mgonjwa shuka.

Joto linastahili neno la ziada. Kanuni ya jumla inayotumiwa na wataalamu wa vilainishi ni kwamba kila nyongeza ya nyuzi 10 za Selsiasi hupunguza maisha ya oili kwa karibu nusu. Gari linalobeba mzigo mzito na kupanda milima, ambalo rejeta yake imeziba nusu kwa kutu na matope, litaunguza oili mpya hata likifungiwa machujio matatu. Kama fedha inatosha jambo moja tu, kwa gari la namna hiyo tungeshauri kusafisha rejeta au kuongeza kipozaji, na chujio lisubiri.

Kwa sababu hiyo, kabla ya kununua chochote, iangalie oili. Chomoa kijiti cha kupimia, ifute ncha yake kwenye karatasi nyeupe au kitambaa safi, na uiangalie kwenye mwanga wa jua. Oili nyingi za giaboksi ya otomatiki zikiwa mpya ni nyekundu. Ikiwa imekuwa ya kahawia lakini haina harufu kali, ni oili iliyotumika na huenda hali ni njema. Ikiwa nyeusi na yenye harufu ya kuungua, sahani za klachi zimekwisha umia, na fundi aeleze hilo kabla ya kukuuzia kifaa. Ikiwa na rangi ya waridi iliyochanganyika kama maziwa, usiliwashe gari tena: maji ya rejeta yameingia ndani ya oili kupitia kipozaji kilichopasuka, na kila kilomita unayoongeza inazidisha uharibifu.

Ipo hali moja ambayo manufaa ya chujio la nje ni dhahiri kuliko nyingine zote, nayo ni pale giaboksi inapobadilishwa au kufumuliwa. Giaboksi ya kwanza ilipokufa, unga wake wa chuma na vipande vya klachi vilisukumwa hadi ndani ya kipozaji na vingine vikakwama humo. Ukifunga giaboksi ya mtumba, hata iwe nzuri namna gani, na kuiacha ipokee oili kutoka kwenye kipozaji kile kile kisichosafishwa, mabaki ya ile iliyokufa yataingia katika hii mpya katika safari ya kwanza. Hapo kipozaji kioshwe au kibadilishwe, na chujio lifungwe katika bomba la kurudi, ili kitakachobaki kinaswe kabla hakijafika kwenye gia. Mlaji anayelipia giaboksi nyingine ana haki ya kumuuliza fundi waziwazi: kipozaji umekifanya nini?

Cha kununua na cha kukataa

Madukani hupatikana aina mbili. Ya kwanza ni kopo dogo linalofungwa katikati ya bomba, lenye ncha mbili za kuingiza mpira; baadhi yake yana sumaku ndani. Ya pili ni kichwa cha chuma kinachofungwa kwenye fremu ya gari, na chujio la kuzungusha hukazwa juu yake. La kwanza ni rahisi kulifunga. La pili hubeba uchafu mwingi zaidi na ni jepesi kubadilisha, lakini lina maungio mengi zaidi, na kila ungio ni mahali ambapo siku moja paweza kuvuja. Kuhusu sumaku, usiilipie kana kwamba ni muujiza: hushika chuma tu. Shaba ya bushi, alumini ya kasha na nyuzi za sahani za klachi hupita mbele yake bila kuitikia.

Sifa ambayo haina mbadala ni vali ya dharura, yaani njia ndogo inayofunguka yenyewe chujio likiziba au oili ikiwa nzito mno, ili oili ipite bila kuchujwa. Mtu aweza kudhani kuwa vali hiyo ni udhaifu, kwamba inaruhusu uchafu. Lakini kumbuka mahali oili inakoelekea inaporudi: kwenye gia na bushi. Chujio lisilo na vali likiziba, sehemu hizo hukauka, na chuma kusugua chuma kwa dakika chache huharibu zaidi ya uchafu wa mwaka mzima. Katika nyanda za juu kama Makete na Njombe, ambako asubuhi za mwezi wa Juni na Julai huweza kuwa na barafu kwenye majani, vali hiyo hufanya kazi hata chujio likiwa jipya.

Kwa sababu hiyo hiyo, katakata ombi lolote la kufungiwa chujio la petroli au dizeli mahali pa chujio la oili ya giaboksi. Hufanana kwa umbo, bei yake ni ndogo, na ncha zake huingia kwenye mpira bila shida. Halikutengenezwa kwa joto la oili hiyo wala kwa mkondo wake, na kwa kawaida halina vali ya dharura. Tahadhari inahitajika pia kwa wanaotumia chujio la oili ya injini kwenye kichwa cha kuzungusha. Nyuzi za skrubu zaweza kulingana kabisa na bado vali ya ndani ikawa imewekwa kufunguka kwa shinikizo lisilolingana na la bomba la kipozaji. Nunua lile ambalo mtengenezaji wake ameandika kuwa ni la giaboksi ya otomatiki.

Kisha mpira. Hapa ndipo watu wengi hubana matumizi, na hapa ndipo gari hulala njiani. Mpira wa maji hauvumilii oili. Huvimba, hulainika, kisha hupasuka. Mpira wa petroli haukukusudiwa kwa joto la kudumu la oili ya giaboksi. Kuna mpira uliotengenezwa mahsusi kwa kipozaji cha giaboksi, na kiwango chake cha kimataifa, SAE J1532, huchapishwa kwenye mgongo wa mpira wenyewe. Usome kabla haujakatwa. Ukubwa wa ndani ulingane na bomba. Mpira mpana uliobanwa kwa nguvu haukai. Na pale fundi anapokata bomba la chuma ili kuingiza chujio, ncha iliyokatwa lazima itengenezewe ukingo ulioinuka kidogo ndipo mpira uvikwe na kukazwa kwa kibano. Bomba laini lisilo na ukingo, hata likifungwa vibano viwili, laweza kuchomoka oili ikipata moto. Mpira ukichomoka, pampu humwaga oili karibu yote barabarani kwa muda mfupi, na oili hiyo ikiangukia bomba la moshi lililo moto huweza kuwaka.

Siku ya kufunga

Chujio lifungwe katika bomba linalorudi kutoka kwenye kipozaji, isipokuwa maelekezo ya mtengenezaji wake yaseme vinginevyo. Kitabu cha gari huonyesha bomba lipi ni lipi. Mahali ambapo kitabu hakipo, fundi mwenye kipimajoto aweza kutambua gari likitoka safari: bomba linalokwenda kwenye kipozaji huwa na joto zaidi ya linalorudi. Mshale uliochorwa kwenye chujio uelekee giaboksi. Likifungwa kinyume, vali na sumaku hazifanyi kazi ilivyokusudiwa, na wewe mwenye gari hutajua.

Liwe mbali na bomba la moshi na mbali na mapanga ya feni, lisining'inie chini ya fremu ambako jiwe la barabara ya vumbi litaligonga, wala mpira usipinde kiasi cha kujibana. Omba kuliona likiwa limefungwa kabla gari halijashushwa. Fundi mzuri hakasiriki akiombwa hivyo.

Chujio jipya na mipira yake huchukua oili yao, kwa hiyo kiwango kitashuka na ni lazima kiongezwe. Katika magari mengi ya Kijapani oili hupimwa injini ikiwaka na ikiwa imepata moto, gia ikiwa kwenye maegesho. Yapo mengine ambayo hupimwa injini ikiwa imezimwa, na yapo yasiyo na kijiti kabisa. Fuata kitabu cha gari lako. Oili ikizidi, sehemu zinazozunguka huipiga hadi itoe povu, na povu halina nguvu ya kubana klachi. Ikipungua, pampu huvuta hewa. Makosa yote mawili humfanya dereva aseme kuwa chujio limeharibu gari.

Oili ya kuongezea iwe ya aina iliyoandikwa kwenye kitabu au kwenye kijiti. Magari mengi ya zamani yaliagizwa kutumia Dexron III. Mlaji afahamu kuwa General Motors, mwenye jina hilo, iliacha kutoa leseni za Dexron III mwishoni mwa mwaka 2006. Chupa inayouzwa leo kwa maneno "inafaa kwa Dexron III" haiwi mbaya kwa sababu hiyo, lakini maneno hayo ni ahadi ya mtengenezaji wa oili mwenyewe, si uthibitisho wa General Motors. Uzito wa ahadi hiyo unalingana na uzito wa jina la anayeitoa, na chupa isiyo na jina kamili na anwani ya mtengenezaji haina ahadi yoyote. Aidha, oili nyepesi za magari mapya, kama ile ya Toyota iitwayo WS, zisitiwe katika giaboksi ya zamani iliyoagiziwa aina nyingine kwa kudhani kuwa kipya ni bora.

Baada ya safari ya kwanza, angalia kila ungio kwa tochi na uweke kadibodi chini ya gari usiku kucha. Chujio la kwanza, hasa baada ya kubadilisha giaboksi, libadilishwe mapema kuliko yale yatakayofuata, kwa kuwa ndilo litakalobeba mabaki. Mwombe fundi alikate ulione ndani. Unga laini wa kijivu ni uchakavu wa kawaida. Vipande vinavyong'aa au nyuzi nyeusi nyingi ni taarifa ya mapema kuhusu giaboksi, na kuipata taarifa hiyo gari likiwa bado linatembea kuna thamani kuliko bei ya chujio.

Karatasi za kutunza

Unaponunua, mweleze muuzaji gari lako, aina ya giaboksi na kazi unayotaka chujio lifanye, badala ya kutaja tu chapa uliyoisikia. Chini ya Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, mnunuzi aliyeeleza matumizi na kutegemea ujuzi wa muuzaji husimama mahali imara zaidi bidhaa ikishindwa kazi hiyo. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 nayo inakataza kumpotosha mlaji kuhusu ubora, asili au matumizi ya bidhaa.

Dai risiti ya EFD inayotaja chujio, mpira na oili kila kimoja kwa jina lake, si neno "vipuri" peke yake. Kama fundi ndiye aliyenunua vifaa, apatiwe fedha kwa masharti ya kurudisha risiti na makopo matupu. Udhamini wa kazi uandikwe, ukitaja muda au kilomita, tarehe na usomaji wa mita ya gari siku ile. Tatizo likitokea, usiruhusu gereji ya pili ifungue kitu kabla hujapiga picha za maungio, mshale wa chujio na maandishi ya mpira. Wasilisha malalamiko kwa muuzaji au fundi kwa maandishi, ukibaki na nakala, na umpe muda maalumu wa kujibu. Asipojibu, leta nakala hiyo pamoja na risiti na picha kwenye ofisi yetu iliyo karibu nawe. Chujio lenyewe lihifadhi kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa, na usilioshe.